Ini la Salesio na Uzio wa Kivuti

Salesio Nthiga alikuwa mtu wa kufungua vitu. Ukimpa redio mbovu aitengeneze, ataifungua, ataichungulia ndani mpaka jua litue, kisha atakurudishia ikiwa mbovu vilevile, lakini yeye amefurahi. Kiritiri nzima ililijua hilo na bado watu walimpelekea redio zao, kwa sababu mazungumzo yake yalikuwa matamu na redio zenyewe zilikuwa zimeshakufa. Mimi alinifungulia saa ya mkononi niliyopewa na mama yangu, na mpaka leo saa hiyo haijasema kitu. Nilimnunia kweli. Yeye kila akinipita uani ananiambia, "Lakini Sista, uliona vile springi imejikunja? Hata konokono hawezi jikunja hivyo."

Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya hapo, na chumba nilichopanga kilikuwa kwenye ploti yake. Kwetu ni Kanyakine, juu Meru, kwenye migomba na majani chai na ukungu wa asubuhi. Niliposhushwa Kiritiri nilidhani wakubwa wangu wananiadhibu: joto, vumbi, mbuzi hadi mlangoni, na watu wanaokula mtama kwa kupenda. Nilikaa huko karibu muongo mzima. Nikiulizwa ni nani aliyenifundisha kuuliza swali, siwataji walimu wangu wa shule ya Kaaga, ingawa walijitahidi sana. Namtaja mwenye ploti.

Kazi yake ilikuwa mchanga. Tangu amalize shule ya msingi alikuwa akishuka mtoni na wenzake, wanasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, wanachota mchanga kwa karai na koleo, wanaurundika ukingoni, na malori yanakuja kuuchukua kwenda kujenga nyumba za watu wa Embu. Mvua zikiisha, mto ule hubaki na madimbwi ya maji ya uvuguvugu, yenye majani ya kijani na konokono wadogo bapa ambao hakuna aliyewajali. Wanaume waliyapenda madimbwi hayo kwa sababu mchanga wake ulikuwa safi na maji hayakuwa baridi. Salesio alijivunia kwamba angeweza kukwambia, kwa kuutia mchanga kinywani tu, kama utafaa plasta.

Mwaka wa tisini na sita likaja gari jeupe la watafiti. Mkuu wao alikuwa Daktari Veronicah Mbae, mwanamke mfupi wa kutoka Meru, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alitaka kuyaona maini ya watu wanaoingia mtoni. Walileta jenereta na mashine ya picha, ile ambayo mtu hulala chali, akapakwa mafuta baridi tumboni, kisha kikapitishwa kidude na mambo ya ndani yakaonekana kwenye kioo. Mimi, niliyekuwa nimeshajifunza Kimbeere, niliazimwa kwao niwe mkalimani wa wazee wasiojua Kiswahili.

Wapakia mchanga wakaja wote kama walivyoitwa, wakaitazama mashine, wakakataa wote. Wake zao walikuwa wameiona huko Embu, katika kliniki ya wajawazito.

"Hiyo ni ya wamama," alisema Rwamba, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko wenzake wote wakiwekwa pamoja. "Mimi nikilala hapo, kesho kwa mto nitaitwa nani?"

Daktari akaeleza taratibu kwamba mwanamume naye ana ini. Hawakubishana naye, walitazama viatu vyao tu. Nami hasira zangu haziko mbali. Nikawafokea, "Mficha uchi hazai!" Basi hapo wakaangua kicheko mpaka wengine wakashika ukuta, maana kuzaa ndiko hasa walikokuogopa.

Aliyejitokeza ni Salesio, na wala haukuwa ushujaa. "Daktari," aliuliza, "hiyo kioo, mimi mwenyewe nitaiona?"

"Utaiona."

"Ndani yangu?"

"Ndani yako."

Alikuwa ameshavua shati.

Huko dirishani wenzake wakaanza. Mama Salesio! Ni mapacha? Umetamani udongo? Yeye alicheka nao huku shingo ameikunja apate kuona. Daktari akamwonyesha moyo wake unavyopiga, na Salesio akasahau kucheka, akabaki mdomo wazi. Kisha kidude kikateremka upande wa kulia, chini ya mbavu, na daktari akanyamaza. Mimi nimefanya kazi na madaktari, naujua ukimya wao. Pale mshipa mkubwa wa damu unapoingia kwenye ini, kuta zake zinatakiwa kuwa mstari mwembamba. Za Salesio zilikuwa nene, nyeupe, na zilijigawa ndani ya ini kama mizizi.

"Hii nyeupe ni nini?" aliuliza.

"Ni kovu."

"Kovu? Mimi sijawahi katwa hapo."

Dirishani mzaha ukafa pole pole, mmoja akimwambia mwenzake. Kesho yake foleni ya wanaume ilifika barabarani, na Rwamba alikuwa mbele.

Ilikuwa kichocho cha tumbo, kile wanachokiita bilhazia. Vidudu vyake hutoka kwenye konokono wale bapa, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, vikakua minyoo ndani ya mishipa ya damu, na minyoo hiyo hutaga. Hayo hata mimi niliyajua. Salesio aliyasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kwa hivyo hii minyoo ndiyo imejenga kovu."

"Hapana," alisema daktari. "Minyoo haijengi kitu. Kovu umelijenga wewe."

Nadhani tangu azaliwe Salesio hakuwa ameambiwa jambo lililompendeza namna ile. Alivuta kiti. Tulikuwa tumemaliza kazi, gari linataka kuondoka, lakini yeye alikuwa amekaa, na daktari, ambaye naye alikuwa na ugonjwa uleule wa kupenda maswali, akakaa pia.

Alimweleza hivi. Yai la mnyoo hubebwa na damu mpaka kwenye ini, likakwama katika kijia chembamba. Mwili haulijui, kwa hiyo askari wake hulizingira. Sasa, kando ya vijia hivyo vya damu kuna seli ndogo ambazo siku za amani hulala tu, zimeshika akiba ya mafuta yenye vitamini A. Askari wakishaliona yai hutoa ujumbe. Ujumbe wenyewe ni protini ndogo sana, na wanasayansi wameipa jina la herufi, TGF, na beta ya Kigiriki nyuma yake. Seli iliyolala ina kitu mfano wa sikio juu ya ngozi yake. Ujumbe ukitua hapo, habari inapokezanwa ndani, huyu ampe huyu, mpaka kwenye kiini. Seli inaamka. Inamwaga akiba yake ya mafuta, inajinyoosha, inaanza kusokota nyuzi ngumu za kulizungushia yai. Nyuzi hizo zikijaa ndilo kovu.

"Na ikishaskia, inanyamaza ifanye kazi?" aliuliza Salesio.

Daktari akamtazama vizuri. "Hainyamazi. Nayo inatoa ujumbe uleule. Inajisikia yenyewe, na jirani zake wanasikia, nao wanaamka."

"Sasa nani anawaambia, basi, inatosha?"

"Hilo," daktari alisema, "ndilo ninalotaka kujua mimi. Ningelijua, nisingekuwa hapa na jenereta inayokohoa."

Salesio akauliza kama seli hizo haziwezi kuzibwa masikio. Daktari alisema kuna watu ng'ambo wanaojaribu jambo hilohilo kwa panya, wengine wanaukamata ujumbe njiani, wengine wanaziba sikio lenyewe. Tatizo ni kwamba ujumbe ule mahali pengine mwilini una kazi nzuri: hufunga vidonda, na huwatuliza askari wasije wakamgeukia mwenyewe. Ukiziba masikio yote utakuwa umemponya mtu ini na kumuua kwa jambo lingine. Dawa iliyokuwepo ni vidonge vya kuua minyoo, mayai yakome. Na kutoingia mtoni tena.

"Na hii kovu imeshajengwa?"

"Kwa wengine nimeona likipungua. Kwa wengine halikupungua. Wewe umekaa mtoni miaka mingi, sitakudanganya. Kaa nje ya maji, na mwaka wa tisini na nane nitarudi tuangalie."

Akameza vidonge vyake, vikubwa na vichungu, na Jumatatu akarudi mtoni.

Nilimsema. Mkewe Karwirwa, mwuza ndengu ambaye akiongea sokoni anasikika kituo cha magari, alimsema zaidi yangu. "Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Gedion!" Lakini mweleze mtu ambaye haumwi popote kwamba anaumwa. Alikuwa na nguvu ya kupakia lori na wenzake watatu. Tena mtoni ndiko alikoitwa fundi, nyumbani aliitwa mharibu redio. Alikuwa akiniambia, "Nitatoka, Sista, nitatoka," kwa sauti ya mtu anayeahidi kwenda kanisani.

Alitapika damu mchana wa jua kali, uani, akila ugali na kunde. Si damu kidogo. Nilikuwa nikianika nguo hatua chache tu kutoka kwake, na mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande naiona ile damu. Rwamba na wenzake walimwaga mchanga wa lori zima njiani ili wampakie yeye, na Karwirwa akakaa huko nyuma amemkumbatia kichwa mpaka Embu. Aliwekewa damu, akaokoka. Alipopata nguvu ya kuuliza, daktari wa zamu alimweleza kilichotokea: damu ikikuta njia ya ini imezibwa na kovu hutafuta vichochoro, mishipa ya kooni hutanuka kupita kiasi, mmoja ukapasuka.

Karwirwa hakutaka maelezo. Alisimama miguuni pa kitanda akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Baba Gedion, chagua. Mto ama mimi."

Akamchagua Karwirwa. Akaanza kuchunga mbuzi wa mamake, kwa uso wa mtu aliyefiwa. Hata njia ya mtoni hakuipita, aliizunguka. Kila aliponiona aliniuliza jambo moja tu, na ukweli ni kwamba ndilo jambo lililokuwa likitusumbua sote pale ploti: lile kovu, litafunguka ama litammaliza? Nilimwambia asubiri. Kusubiri ni kitu alichokijua kidogo kuliko redio.

Ndipo fisi alipoingia kwa Kivuti, jirani yetu mfuga mbuzi.

Lazima nieleze desturi ya upande ule, maana kwetu Kanyakine hatukuwa nayo hivyo. Yowe likipigwa, kila anayelisikia hulijibu kwa yowe lake, kisha hukimbia kwenda. Na kama ni mnyama ameingia bomani, haendi mikono mitupu: anakata tawi la mgunga lenye miiba, analiburuta, analiweka pale uzio ulipotobolewa. Hakuna anayeulizwa. Asiyekwenda leo, kesho atapiga yowe lake peke yake.

Fisi alimchukua mwanambuzi mmoja wa Kivuti alfajiri, akaondoka zake. Kivuti akapiga yowe. Majirani wakajibu, wakaja, na kabla jua halijachomoza tundu lilikuwa limezibwa. Lakini waliokuwa kilima cha pili walisikia majibu ya majirani, nao wakajibu. Wa kilima cha tatu wakawasikia hao. Watu wakaendelea kufika na matawi, wakikuta hakuna tundu wanayaweka popote penye nafasi, na uzio wa Kivuti ukanenepa mpaka lango likazikwa. Kivuti yuko ndani na mbuzi wake, anapaza sauti, "Basi! Inatosha!" Kwa mbali, anayepaza sauti ni anayepaza sauti. Wakasikia yowe lingine, wakakaza mwendo.

Jua lilipopanda mbuzi walipata kiu. Walipokosa lango walijisukuma upande wa ghala, ambako uzio ulikuwa mzee, wakapasua hapo, wakaliangusha ghala, mtama ukamwagika.

Nilikuwa nikifua yunifomu yangu nilipomsikia Salesio akija mbio. "Sista! Sista, toka! Kuja uone ini yangu!"

Nilimwambia maneno ambayo hayamfai mtu aliyelelewa na Wamethodisti. Lakini nilikwenda na mikono yenye povu, maana sura yake ilikuwa ile ya siku ya kioo.

Alinisimamisha mbele ya lile lundo la miiba. "Hapa ndio yai ilikuwa," alisema, akionyesha mahali fisi alipopita. "Hapa ndio mshipa." Lango halikuonekana tena. "Mbuzi ndio damu." Kisha akanizungusha mpaka kwenye ghala lililoanguka, mbuzi wanakula mtama wa watu, Kivuti anatukana kila kitu chenye miguu. "Na hapa ndio nilitapika."

Nilisimama pale nikaona. Nilikuwa nimeyatafsiri maneno ya daktari kwa wazee wengi, neno kwa neno, na sikuwa nimeyaona.

"Fisi alienda saa ileile," alisema Salesio. "Hayuko. Na bado wanaleta. Na hakuna mjinga hapa, Sista. Kila mtu amefanya kitu nzuri."

Watu wakarudi makwao yowe lilipochoka lenyewe. Kivuti alikata tundu la kupitia, akanuna. Lakini kuanzia hapo Salesio hakupitisha siku bila kwenda kuutazama uzio ule. Mchwa waliingia. Wanawake waliokosa kuni walichomoa matawi makavu, moja leo, moja kesho, na Kivuti akajifanya haoni. "Unapungua," Salesio alikuwa akiniletea habari jioni, mkono umekaa ubavuni bila yeye kujua. "Fisi asirudi tu. Asirudi tu."

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikaja mvua ya El Niño. Haikunyesha, ilimwagwa. Daraja likaenda, mbuzi wakaoza kwato, na mto ukajaa mpaka hakuna aliyeusogelea. Ulipopungua, mapema mwaka uliofuata, uliacha mchanga mwingi kuliko watu walivyowahi kuona, na wapakia wote wakashuka kwa furaha, wakachimba chini ya kingo ambazo maji yalikuwa yameshazila kwa ndani.

Yowe lilitoka mtoni kabla ya chakula cha mchana. Nilichukua mkoba wangu wa zahanati nikakimbia. Njiani nilimkuta Karwirwa amesimama katikati ya njia, mkononi ameshika kipande cha shati, nusu ya mgongo na kola. Alikuwa amemshika mumewe, na mumewe alikuwa amekwenda. "Ameenda," aliniambia, kana kwamba sioni. "Ameingia."

Ukingo ulikuwa umemwangukia Rwamba. Alizikwa mpaka kifuani, na maji yaliyozuiwa na udongo yalikuwa yakipanda kidevuni. Wenzake walikuwa wakichimba kwa juu, na kila karai waliyotoa iliteremka nyingine. Salesio alikuwa ameshazama mpaka shingoni. Aliwaondoa wale wa juu, akaenda upande maji yanakoelekea, akaanza kufungua mchanga kwa chini ili mto wenyewe uubebe. Aliingia na kutoka, anaingia na kutoka, akipumua kama mvukuto. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa cha Rwamba kisizame, na Rwamba alikuwa akimtukana mama yangu kwa woga. Nilifurahi, maana anayetukana anapumua. Walipomvuta, mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika, na yeye alikuwa hai.

Lakini juu yetu watu walikuwa wakizidi kufika. Yowe lilikuwa limeshavuka vilima. Kila mmoja alikuja mbio na jembe lake, akasogea ukingoni aone, na ule ukingo uliobaki ulikuwa na ufa niliouona kutoka chini. Wengine wetu tulikuwa bado majini na majeruhi. Mtu akapiga kelele, "Rudini nyuma!" Wa nyuma wakasikia kelele, wakaongeza mbio.

Salesio hakupiga kelele. Alipanda, matope mwili mzima, nusu ya shati mgongoni, akaenda kuwalaki njiani. Nilimwona anamshika wa kwanza bega na kumwambia kitu kwa sauti ya chini. Yule akalishusha jembe. Akamwendea wa pili. Baadaye nilijua alikuwa akisema maneno yaleyale kwa kila mmoja, kwa Kimbeere, bila haraka: "Ametoka. Asanteni. Rudini nyumbani." Mmoja mmoja, mpaka njia ikawa kimya na ukingo ukabaki mtupu. Tukampandisha Rwamba kutoka mtoni. Alasiri hiyohiyo ukingo ulianguka, hapakuwa na mtu.

Karwirwa hakumsifu. Wengine walimletea mbuzi na sukari, yeye alikitundika kile kipande cha shati kwenye msumari juu ya kitanda na hakusema naye siku nyingi. Nilimwelewa. Alikuwa amemtoa mumewe mtoni kwa machozi, na mto ulikuwa umemrudisha ndani kwa yowe moja. Mimi nami niliogopa kusema wazi nilichokijua: konokono walikuwa wamerudi na maji mapya, na huenda fisi alikuwa ameshaingia tena.

Daktari Mbae alikuja kama alivyoahidi. Safari hii hakuna aliyecheka dirishani. Rwamba alikuwa hapo na mkongojo wake, Kivuti alikuwa hapo, Karwirwa alisimama mlangoni na mikono kifuani. Salesio alilala, akapakwa mafuta, na kwa mara ya kwanza hakukunja shingo kutazama. Alimtazama daktari.

Daktari akakipitisha kidude ubavuni. Akapima, akafuta, akapima tena.

"Umeme huu sawa?" aliniuliza. Nikamwambia jenereta ni mpya.

Akakigeuza kioo. Kuta za mshipa bado zilikuwa nyeupe, lakini zilikuwa zimekonda, na ile mizizi iliyojigawa ndani ya ini, mingine nilishindwa kuiona. "Imepungua," alisema. "Haijaisha, na kooni bado uwe mwangalifu. Lakini imepungua sana, Salesio."

Karwirwa alikaa chini pale pale mlangoni.

Salesio akamwambia daktari kuhusu siku ya Rwamba, kwa sauti ya mtu anayekiri. Daktari alisema atampa vidonge tena, na kama kuna minyoo michanga, atarudia dawa baadaye, maana haijapata nafasi ya kutaga. Kisha, kwa kuwa alimjua mgonjwa wake, akamwongezea jambo. Mwaka uleule kulikuwa na watu waliochapisha walichoona kwa panya: ukiondoa kinacholeta jeraha, zile seli zinazosokota nyuzi hufa zenyewe, kimya kimya, moja baada ya nyingine, na nyuzi zao zikayeyuka.

"Nani anaziambia?"

"Bado hatujui. Pengine hakuna. Pengine zikikosa kuitwa, basi."

"Hapana," alisema Salesio. "Kuna mwenye anapita kwa kila mmoja." "Unajua, daktari, nilikuwa nimezikasirikia. Nasema, hizi vitu zangu ni zijinga aje, zinanifungia njia yangu mwenyewe? Lakini mimi nilisikia wanaita juu ya Rwamba. Mama Gedion amenishika shati. Ningekaa?"

Aliweka kiganja chake ubavuni, juu ya yale mafuta baridi, akainamisha kichwa, na akasema kitu kwa Kimbeere, kwa sauti ya chini, bila haraka.

"Amesema nini?" daktari aliniuliza.

Nilikuwa mkalimani wake tangu siku ya kwanza, na maneno yenyewe yalikuwa machache na mepesi, lakini nilikuwa nalia na sikuweza kumwambia. Ni Karwirwa aliyeinuka, akaja na kitambaa, akaanza kumpangusa mumewe mafuta tumboni. "Anawaambia asante," alisema. "Warudi nyumbani."